Wageni watano hawali nyama, mmoja hali hata kitunguu: nipike nini?

*“Habari za kazi. Jumamosi moja katikati ya Novemba nimealika watu kwa chakula cha jioni nyumbani, Tabata. Tutakuwa 12. Watano hawali nyama: mfanyakazi mwenzangu Mhindi wa Upanga, mume wake na mama yake mzazi, ambaye nimeambiwa hali hata kitunguu, rafiki yetu Msabato, na mgeni mmoja kutoka Uingereza ambaye hagusi maziwa, mayai wala asali. Waliobaki ni familia, akiwemo baba mkwe mwenye kisukari, na mama mkwe ambaye ameshaniuliza, ‘Sasa hao watu watashiba nini?’ Nilifikiria pilau ya nyama, kisha niwapakulie wao sehemu isiyo na vipande, maharage, mchicha wa nazi, saladi ya mayonesi, na keki. Je, nikitoa nyama kwenye pilau inatosha? Na nazi huwa inanikatikia kila mara, nifanyeje?”*

Asante kwa swali, na hongera kwa kuuliza mapema. Nianze na lile la moja kwa moja: hapana, kutoa vipande vya nyama kwenye pilau haitoshi. Wali wa pilau umeiva ndani ya supu ya ile nyama, na mafuta yake yamezunguka kila punje. Kwa mtu ambaye hajawahi kutia nyama mdomoni tangu azaliwe, hiyo ni pilau ya nyama, na harufu itamwambia kabla wewe hujasema neno. Wengine tumbo litasumbuka kweli. Wengine hawatasema kitu, watakula kachumbari na kushukuru, na wewe utabaki unadhani wameshiba.

Kwenye orodha yako kuna mitego mingine. Mayonesi ya kawaida ina mayai, na familia nyingi za Kihindu zisizokula nyama hazili mayai pia ingawa zinakunywa maziwa. Keki ni vivyo hivyo. Maharage yenyewe hayana tatizo, ila yakiungwa kwa mchuzi mix au vidonge vya supu yanaweza kuwa na mafuta au unga wa nyama au kuku, na vingi vina unga wa kitunguu au kitunguu saumu. Majarini mengine yana maziwa. Jeli za dukani nyingi huganda kwa jelatini, inayotokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Mafuta uliyokaangia samaki jana si mafuta ya kukaangia bajia leo, hata ukiyachuja. Na mchicha usitiwe unga wa dagaa au wa kamba “kidogo tu kwa ladha”. Kuku, samaki na dagaa wote wako upande wa nyama kwa wageni hawa.

Kabla hujaenda sokoni, piga simu mbili. Ya kwanza ni kwa mfanyakazi mwenzako, kuhusu mama yake. Usiulize “Mama anakula nini?”, maana atakujibu “Chochote tu, usijisumbue.” Uliza hivi: “Viazi na tangawizi mbichi, Mama anakula?” Akisema anakula, ila kitunguu na kitunguu saumu hapana, huenda familia ni ya Kihindu inayoacha vitu hivyo viwili kwa sababu za ibada. Akisema viazi, karoti na tangawizi mbichi pia hapana, inawezekana sana ni Wajaini, wafuasi wa dini ya Ujaini yenye asili ya India, ambao huacha mazao yanayong’olewa ardhini kwa kuwa kuyang’oa kunaua mmea mzima na vijidudu vilivyo kwenye udongo. Wajaini wenye msimamo mkali huacha pia bilinganya, uyoga, asali na vitu vilivyoumuliwa kwa hamira.

Na kuna jambo ambalo wenyeji wengi hawalijui: Wajaini wengi wanaoshika sana dini hawali jua likishazama. Katikati ya Novemba hapa Dar jua huzama kati ya saa 12:15 na 12:30 jioni. Ukimwalika mama huyo saa 2 usiku, utapika vizuri mno na hatakula. Alika watu saa 10:30, chakula kiwe mezani saa 11, na huenda wote wakaepuka foleni mbaya ya Barabara ya Mandela. Uliza pia kama siku hiyo haiangukii mfungo wao. Baadhi ya Wahindu hufunga siku ya 11 ya kila nusu ya mwezi mwandamo, na siku hiyo hawagusi nafaka wala jamii ya kunde.

Simu ya pili ni kwa kila mgeni aliyebaki, na swali ni moja: kuna chakula kinachomdhuru? Nakurudia hapo chini kuhusu hili, kwa sababu karanga inakuja mezani.

Sasa niseme ninavyoshauri kupanga. Mara nyingi mwenyeji anajaribu kupika chakula tofauti kwa kila kundi, anaishia na sufuria tisa na hajui kijiko kipi ni cha wapi. Fanya kinyume chake. Mwangalie mgeni mwenye masharti mengi zaidi, kwako ni mama wa Upanga na Mwingereza, na pika msingi wote wa meza kwa masharti yao: bila nyama, bila maziwa, bila mayai, bila kitunguu. Kisha vile ambavyo wengine wanavipenda vikae kwenye mabakuli pembeni, kila mtu ajiongezee: kitunguu cha kukaanga, kachumbari, mtindi. Hapo watu 12 wanakula chakula kimoja, na hakuna mgeni anayepewa sahani yake ya pekee kama mgonjwa.

Lakini msingi huo lazima uwe na uzito, na hapa ndipo mama mkwe ana hoja. Nyama inaleta vitu vitatu kwa pamoja: protini inayokaa tumboni, mafuta, na ile ladha nzito inayotokana na nyama kukauka na kubadilika rangi motoni. Ukiitoa bila kurudisha hata kimoja, umeandaa wali na majani, na saa 3 usiku watu watatafuta chipsi. Virudishe kimoja kimoja: protini kutoka kwenye mbaazi, mafuta kutoka kwenye nazi na karanga, na ladha ya moto kutoka kwenye bilinganya lililochomwa juu ya mkaa. Wapo watakaokushauri uyoga au fenesi bichi badala ya nyama. Vinatafunika vizuri, ni kweli, ila protini yake ni kidogo sana ukilinganisha na jamii ya kunde. Kilo moja ya mbaazi kavu ina takriban gramu 210 hadi 220 za protini. Gawa kwa watu 12, kila mmoja anapata karibu gramu 18 kabla hujahesabu karanga. Mjibu mama mkwe hivyo, kwa heshima.

Kwa hiyo meza yenyewe: vitafunio vya kachori za ndizi mbichi na chatini ya ukwaju, wali wa viungo, mbaazi za nazi, mabilinganya ya kuchoma, mchicha wa karanga, kachumbari pembeni, na mwisho boga la nazi pamoja na matunda. Angalia kwamba nazi imeingia kwenye chakula kimoja cha katikati na kwenye kitamu cha mwisho tu. Kosa la meza nyingi za Pwani zisizo na nyama ni kutia nazi kwenye wali, kwenye mboga, kwenye maharage na kwenye ndizi; mgeni anakinai sahani ikiwa nusu, na ladha zote zinafanana.

Mbaazi ndizo zinazostahili muda wako. Chukua kilo moja, chagua mawe, loweka Ijumaa usiku kwenye maji lita 3 yenye vijiko vikubwa 2 vya chumvi. Watu wengi wameambiwa chumvi inafanya maharage yawe magumu. Kwenye kulowekea ni kinyume. Ngozi ya mbaazi imeshikiliwa na madini ya chokaa, na chumvi inayaondoa hayo na kukaa mahali pake, ngozi ikalainika na isipasuke. Ndiyo maana maji ya kisima yanasumbua wapishi wengi Dar: mengi ni magumu, yana madini hayo kwa wingi, na mbaazi zinachemka saa 2 bado ni kama kokoto. Pikia maji ya bomba au ya chupa kubwa. Kama huna, tia nusu kijiko kidogo cha magadi ya kupikia kwa kilo nzima. Usizidishe, utapata ladha ya sabuni na uji. Na kama mbaazi ni za zamani, zilizokaa miezi ghalani kwenye joto na unyevunyevu, hata magadi hayatazisaidia sana. Nunua zenye ngozi inayong’aa, zisizo na vitobo vya wadudu.

Asubuhi mwaga maji, suuza, chemsha kwa maji mapya dakika 45 hadi 60, au dakika 10 hadi 12 kwenye presha kuka baada ya kupiga mluzi. Bonyeza moja kati ya vidole. Isagike bila kubakiza chenga katikati. Nyanya, ndimu na ukwaju visiingie kabla ya hapo, kwa sababu tindikali inazuia ngozi isilainike. Ukiamua kubaki na maharage mekundu badala ya mbaazi, yachemke kwa nguvu, mapovu makubwa, si chini ya dakika 10 mwanzoni. Maharage mekundu mabichi yana sumu asilia inayoleta kutapika, na moto mdogo peke yake hauimalizi.

Kwa kuunga, pasha mafuta vijiko vikubwa 4, tia jira nzima vijiko vidogo 2. Ikianza kuruka, tia nusu kijiko kidogo cha unga wa mvuje, utomvu mkavu wa mmea unaotumika kama kiungo. Maduka ya Wahindi karibu na soko la Kisutu wanauza kwa jina la hingi. Ukiwa mkavu unanuka vibaya hadi mtu anajuta kuununua. Ukiingia kwenye mafuta ya moto kwa sekunde 10, harufu inageuka kuwa karibu sana na ya kitunguu na kitunguu saumu vilivyokaangwa. Huo ndio utakaoficha pengo la kitunguu. Mvuje wa unga mara nyingi umechanganywa na unga wa ngano, hivyo soma pakiti kama kuna mgeni asiyekula ngano. Fuatisha manjano kijiko kidogo 1, tangawizi ya unga kijiko kidogo 1 (hii ya kukaushwa Wajaini wengi wanaikubali), pilipili 2 zilizopasuliwa, na nyanya 4 zilizokunwa. Kaanga mpaka mafuta yajitenge pembeni, usikatishe njiani. Nyanya iliyokaangwa hadi kukolea ndiyo inayoupa mchuzi uzito.

Sasa nazi. Nazi 3 zilizokunwa, zikamuliwe mara mbili: kwanza kwa vikombe 2 vya maji ya uvuguvugu upate tui zito, liweke kando, kisha kwa vikombe 4 upate tui jepesi. Tia mbaazi na tui jepesi, zichemke taratibu dakika 15 zikunywe viungo. Mwisho kabisa shusha moto, mimina tui zito, koroga bila kuacha, sufuria ikiwa wazi. Mapovu ya kwanza yakianza kupanda ukingoni, ipua.

Tui lako linakatika kwa sababu ni mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji, na yanashikwa pamoja na protini chache za nazi. Moto mkali unazikaza zile protini zikaachia, mafuta yakapanda juu na vipande vyeupe vikaelea kama maziwa yaliyoganda. Tindikali inafanya vilevile, na mfuniko unakuza joto usilione. Kwa hiyo: tui zito mwisho, moto mdogo, wazi, na ndimu ibaki mezani. Likikatika bado linalika, halijaharibika. Chota vijiko vitatu vinne vya mbaazi, ponda, rudisha ukikoroga. Wanga wake unashika mafuta tena na mchuzi unarudi kuwa laini. Tui la boksi huwa gumu kukatika kwa sababu mengi yametiwa vishikizo vya kuzuia mafuta yasijitenge na maji, na si aibu kulitumia siku ya wageni. Soma tu kwamba halina unga wa maziwa. Mengine ya unga yanao.

Ukikamua mwenyewe, kamua siku hiyohiyo. Kwenye joto la Novemba tui likiachwa nje linachacha ndani ya saa chache.

Wali: mchele kilo 1 na nusu, uoshe mpaka maji yawe safi, uloweke dakika 20, uchuje. Mafuta vijiko vikubwa 6, jira kijiko kikubwa 1, iliki 8, karafuu 6, mdalasini vijiti 2. Vikinukia tia mchele, ugeuze dakika 3 hadi 4 mpaka punje zing’ae. Mimina maji yanayochemka, kikombe kimoja na nusu kwa kila kikombe cha mchele mkavu uliopima, na chumvi kijiko kikubwa 1 na nusu. Mchele mpya wa msimu unanyonya maji kidogo, upunguzie maji kikombe kimoja kwa jumla. Maji yakizama chini ya mchele, funika, moto mdogo kabisa dakika 15, na kama una jiko la mkaa weka makaa machache juu ya mfuniko. Usigeuze-geuze, punje zitavunjika. Kwa wapenda pilau, kata kilo moja ya vitunguu vyembamba, vikaange taratibu dakika 20 hadi 25, uvitoe vikiwa rangi ya dhahabu, kabla ya kahawia, kwa sababu vinaendelea kuiva vikiwa nje. Viweke kwenye bakuli lake na kijiko chake. Mtu anayeweka vitunguu hivyo juu ya wali ule anapata karibu ladha yote ya pilau.

Kachori za ndizi mbichi ni ufumbuzi ambao jikoni za Wajaini zinautumia siku zote badala ya viazi. Chemsha ndizi mbichi 12 za kupika na maganda yake, dakika 20. Zikipoa kidogo menya, ponda zikiwa bado na joto. Zikipoa kabisa zinakuwa ngumu na haziungani. Tia ndimu, chumvi, pilipili mbichi, giligilani na jira, viringisha saizi ya ndimu, chovya kwenye uji mzito wa unga wa dengu, kaanga kwenye mafuta mapya. Tone la uji likizama na kupanda mara moja lina mapovu, mafuta yako tayari. Likibaki chini, subiri, la sivyo kachori zitakunywa mafuta.

Mabilinganya 8 makubwa yachome mazima juu ya mkaa, ukigeuza, mpaka ngozi iungue na ndani yalegee. Wavu uwe umesuguliwa, usiwe na mabaki ya mishikaki. Menya, yaweke kwenye chujio yatoe maji machungu dakika 10, ponda na ukwaju, chumvi, pilipili na mafuta kidogo. Kuchoma ni bora kuliko kukaanga kwa sababu bilinganya ni kama sifongo, linafyonza mafuta yote na kuyarudisha kwenye sahani. Na moshi ule ndio utakaowaridhisha walaji nyama wako. Kama mama wa Upanga hali bilinganya, bado ana wali, mbaazi, mchicha na kachori; hajapungukiwa.

Mchicha hauna mambo mengi: mafungu 10, uoshwe maji matatu kwa sababu mvua za vuli zinarusha tope kwenye majani, uchemshwe dakika 4, uungwe kwa nyanya na karanga za kusaga kikombe 1 na nusu. Ukipenda kisamvu badala yake, kiwe kimetwangwa vizuri na kichemke wazi nusu saa au zaidi kabla ya kuungwa. Majani mabichi ya muhogo yana sumu ya sayanidi inayotoka kwa kutwangwa na kuchemshwa.

Kitamu: boga, ambalo Mwingereza wako atalifurahia kwa sababu kwao maboga yapo, ila huenda hajawahi kulila hivi. Kilo 2 za boga lililomenywa, vipande vinene, nyunyizia sukari gramu 200 na chumvi kidogo, liache nusu saa. Sukari italitoa maji yake lenyewe, hivyo usiongeze maji. Ndiyo sababu maboga ya watu wengi yanakuwa supu. Pika kwa tui jepesi kikombe kimoja, kisha tui zito kikombe kimoja na iliki ya kusaga, kwa kanuni ileile. Nazi 2 zitatosha. Embe zinaanza kujaa wakati huo, na mananasi ya Kiwangwa ni mazuri. Vikate saa chache tu kabla.

Je, upike sufuria moja ya nyama kwa ajili ya familia? Hapa nitasema wazi pande zote. Faida yake ni amani nyumbani, hasa kama kuna mzee ambaye kwake kualikwa bila nyama ni kudharauliwa. Gharama yake ni kazi mara mbili, harufu nyumba nzima, na hatari ya mwiko mmoja kuhama sufuria wakati watu wanapakua. Wapo Wahindu na Wajaini wanaokaa meza moja na nyama bila tatizo, na wapo ambao hawawezi kumeza. Mimi ningekwambia siku hii moja iache nyama kabisa. Walaji nyama nao wanakula mbaazi kila wiki na hakuna anayelalamika. Ukiona haiwezekani, ipikwe kwa jirani au siku ya kabla, iwekwe meza nyingine chumba kingine, na miiko yake isiingie jikoni wakati wa kupakua.

Kuhusu baba mkwe: wali, ndizi, mbaazi na boga vyote vina wanga, ingawa mbaazi hupandisha sukari taratibu zaidi kuliko wali. Nusu ya sahani iwe mchicha, bilinganya na kachumbari, robo mbaazi, robo wali. Boga mtengee vipande kabla hujatia sukari. Kama anachoma insulini au anatumia vidonge, kubadilisha saa ya kula kutoka saa 2 usiku hadi saa 11 jioni si jambo dogo; azungumze na wahudumu wa kliniki yake kabla ya siku hiyo, usimpangie wewe wala mimi.

Na karanga. Mgeni yeyote akisema karanga zinamvimbisha midomo au kumbana kifua, usiziingize jikoni kabisa siku hiyo, mchicha uungwe kwa nyanya peke yake. Usiseme “nitaweka kidogo”. Na ikitokea mtu amevimba uso au anahema kwa shida baada ya kula, msimpe maziwa wala maji ya chumvi. Apelekwe hospitali yenye huduma ya dharura papo hapo, na kama anatembea na sindano yake ya dawa achomwe kwanza.

Ratiba iwe hivi: Ijumaa nunua, loweka mbaazi, saga viungo, kaanga vitunguu, tengeneza chatini. Jumamosi asubuhi chemsha mbaazi, choma mabilinganya, viringisha kachori uziweke kwenye friji. Saa 8 mchana boga na mchicha, saa 9 kuunga mbaazi, saa 9:45 wali, saa 10:30 kachori zikaangwe wageni wakiingia. Uwe na gesi na mkaa pia, umeme usiutegemee. Vyakula vya moto vikae kwenye hotpoti zilizosuuzwa kwa maji ya moto kwanza; chakula kikishuka chini ya nyuzi 60 bakteria wanaanza kuzaana, na kwa joto la Dar usikiache wazi mezani zaidi ya saa moja hadi mbili. Wali uliobaki ndio wa kuangaliwa zaidi, kwa sababu una mbegu za bakteria zisizokufa kwa kuchemshwa, na wakishatoa sumu, kupasha moto hakuiondoi. Utandaze kwenye sinia upoe haraka, uingie kwenye friji, uliwe kesho yake.

Ukiona idadi inapanda kufikia 25 au 30, tafuta mpishi wa kukusaidia, na umchague anayejua kupika bila nyama. Huko Upanga na Kisutu wapo wanaopikia sherehe za Kihindu. Akija nyumbani, mwonyeshe sufuria na miiko ipi ni ya kutumia, na umwambie mwenyewe habari ya kitunguu. Usimwachie msaidizi wa nyumbani ujumbe huo.